Umeme Bila Mwako: Mtumiaji na Utafiti wa Seli za Fueli

Madhumuni ya somo

Masomo yaliyotangulia katika kijitabu hiki yalihusu vifaa ambavyo mtumiaji huvikuta dukani: mita za umeme, mitungi ya gesi ya kupikia, paneli za jua na betri zake. Somo hili linahusu kifaa ambacho wengi wetu bado hatujakiona, yaani seli ya fueli ya oksidi yabisi. Tumeona vema kulileta mapema kwa sababu habari za utafiti husafiri haraka kuliko bidhaa zenyewe. Makala huandikwa katika chuo kikuu cha ng'ambo, gazeti huifupisha, video ya simu huifupisha tena, na mwishowe huenda mfanyabiashara akabisha hodi na picha ya maabara mkononi, akiomba malipo ya awali ya mtambo "unaotoa umeme kwa gesi yoyote, bila moshi, bila kelele, kwa nusu ya gharama".

Katika maneno hayo yamo ya kweli na yamo yasiyo ya kweli, na kazi ni kuyatenganisha. Hatukusudii kumfanya msomaji awe mhandisi. Tunakusudia kwamba akimaliza somo hili aweze kufanya mambo matatu: kueleza kwa ufupi jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi, kupima dai la muuzaji kwa hesabu ndogo ya kuzidisha na kugawanya, na kuuliza maswali yanayostahili kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu msamiati: tunatumia neno "fueli" badala ya "mafuta", kwa kuwa neno mafuta humfanya msomaji afikirie petroli na dizeli peke yake. Fueli ni kitu chochote kinachobeba nishati ya kutumika: gesi asilia, gesi ya mitungi, biogesi, ethanoli, amonia au haidrojeni. Tunaposema "uniti" tunamaanisha kilowati-saa moja, ile ile anayonunua mteja wa umeme wa LUKU.

Seli ya fueli ni nini?

Jenereta ya kawaida huchoma petroli au dizeli. Mwako husukuma pistoni, pistoni huzungusha mhimili, na mzunguko huo huzalisha umeme. Katika kila hatua sehemu ya nishati hupotea kama joto na kelele. Seli ya fueli haipiti njia hiyo ndefu. Hugeuza nishati ya kikemia kuwa umeme moja kwa moja, kama ifanyavyo betri. Tofauti yake na betri ni kwamba betri hubeba akiba yake ndani na huisha, ilhali seli ya fueli hulishwa kutoka nje na hutoa umeme maadamu inaendelea kulishwa.

Seli ya oksidi yabisi ina matabaka matatu membamba. Tabaka la kati huitwa elektroliti. Ni kigae cha kauri kisichopitisha gesi, ambacho mara nyingi hutengenezwa kwa zirkonia iliyochanganywa na itria. Upande mmoja wa kigae kuna kathodi inayopokea hewa, na upande wa pili kuna anodi inayopokea fueli. Kigae hicho kikipashwa joto kali huruhusu ioni za oksijeni zipite ndani yake, lakini huzizuia elektroni. Oksijeni ya hewani huchukua elektroni kwenye kathodi, hupenya kigae, kisha hukutana na fueli na kuungana nayo. Elektroni zinazoachwa hapo haziwezi kurudi kwa njia ya kigae. Hulazimika kuzunguka kwa waya wa nje, na mwendo wake katika waya ndio umeme unaowasha taa.

Joto linalohitajika ni kati ya nyuzi 600 na 1,000 za Selsiasi, kwa kadiri ya aina ya seli. Msomaji alishike jambo hili, kwa maana sifa nzuri za kifaa hiki na taabu zake karibu zote hutokana na joto hilo.

Seli moja ikiwa kazini hutoa takriban volti 0.7 tu. Ndiyo sababu seli nyingi hupangwa moja juu ya nyingine, kama sahani kabatini, ili volti zijumlishwe. Rundo hilo nalo halijitoshelezi. Huhitaji kichujio cha kusafisha fueli, feni ya kusukuma hewa, chumba cha kupasha joto, na inveta ya kugeuza umeme wa mkondo mmoja kuwa ule unaotumika nyumbani. Kwa hiyo anayenunua hanunui kigae cha maabara. Ananunua mtambo mzima, na mtambo huo huwa imara kwa kiasi cha kiungo chake kilicho dhaifu zaidi.

Fueli mbadala: kinachoingia na kinachokataliwa

Seli nyingi za fueli za aina nyingine, hasa zile za joto la chini zinazotumika katika magari, hudai haidrojeni safi sana. Kaboni monoksidi kidogo tu huzidhoofisha. Seli ya oksidi yabisi ni tofauti: kwake kaboni monoksidi ni chakula. Tena, kwa sababu ya joto lake, methani na mvuke wa maji vinaweza kubadilishwa ndani ya mtambo vikawa haidrojeni na kaboni monoksidi. Hapo ndipo lilipotoka dai la "gesi yoyote". Hebu tulipime dai hilo fueli kwa fueli.

Gesi asilia na gesi ya mitungi. Zote mbili hufaa, lakini si kama zinavyotoka bombani au mtungini. Gesi hizi huongezwa kemikali yenye harufu kali ili uvujaji utambulike kwa pua, na kwa kawaida kemikali hiyo ina salfa. Salfa hushikamana na nikeli iliyomo katika anodi na kuizuia kufanya kazi. Kitu kile kile kinachomlinda binadamu ni sumu kwa seli. Kwa hiyo mtambo lazima uwe na kichujio cha salfa, na kichujio hujaa, na kikijaa hubadilishwa kwa gharama. Kamwe mtumiaji asikubali ushauri wa kutumia gesi isiyo na harufu ili kuokoa gharama ya kichujio. Mtungi wa namna hiyo ukivuja usiku, hakuna atakayeamka.

Biogesi. Gesi inayotokana na samadi au mabaki ya mimea ina methani, mara nyingi nusu hadi theluthi mbili ya ujazo wake, na sehemu kubwa iliyobaki ni kaboni dioksidi. Kwa injini, kaboni dioksidi nyingi ni mzigo. Seli ya oksidi yabisi huvumilia zaidi, na ndiyo sababu watafiti wengi wameitazama biogesi kwa hamu. Nchini kwetu biogesi si ngeni. Yapo majumba yanayopikia gesi ya samadi, na huko Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yamewahi kugeuzwa kuwa gesi ya kuendeshea jenereta. Lakini biogesi mbichi ina haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai lililooza, nayo ni salfa ile ile tuliyoitaja.

Ethanoli. Mwaka 2016 kampuni ya Nissan ilionyesha nchini Brazili gari la majaribio lililobeba seli ya oksidi yabisi ya kilowati 5, iliyolishwa ethanoli ya mimea ili kuchaji betri ya gari. Kampuni ilieleza kuwa gari hilo lingeweza kwenda zaidi ya kilomita 600. Jaribio hilo lilionyesha kuwa jambo linawezekana. Kuonyesha, hata hivyo, si kuuza.

Amonia. Haina kaboni, na huweza kuvunjwa kwa joto la seli ikatoa haidrojeni. Kwa mitambo mikubwa na meli, utafiti wake una maana. Kwa nyumba ya kuishi, tukumbuke kwamba amonia ni sumu ya kuvutwa na huunguza macho na mapafu.

Haidrojeni. Hii ndiyo fueli inayozungushiwa madai mengi kuliko nyingine zote, hasa dai la "mtambo unaotumia maji". Maji si fueli. Maji ni kile kinachobaki baada ya haidrojeni kwisha kuungua, kama majivu yanavyobaki baada ya kuni. Haidrojeni inaweza kutolewa katika maji, lakini kwa kutumia umeme. Kilo 1 ya haidrojeni ina takriban uniti 33 za nishati. Kuipata kilo hiyo kutoka katika maji, mitambo ya kawaida ya leo hutumia uniti 50 au zaidi. Seli yenye ufanisi wa asilimia 50 itarudisha karibu uniti 17. Maana yake ni kwamba katika kila uniti tatu zilizowekwa, hurudi moja. Haidrojeni si kisima. Ni ndoo, nayo ni ndoo inayovuja. Inaweza kufaa pale ambapo umeme wa jua au upepo umezidi na hauna pa kwenda. Haiwezi kumpa mtu umeme ambao hakuutia.

Utafiti umefika wapi?

Kifaa hiki si cha jana. Mwaka 1899 mwanasayansi Mjerumani Walther Nernst aligundua kuwa oksidi ya zirkonia iliyochanganywa hupitisha umeme ikipashwa joto kali, akaitumia kutengeneza taa. Mwaka 1937 Emil Baur na Hans Preis, wakiwa Zürich, Uswisi, waliendesha seli ya fueli yenye elektroliti yabisi. Tangu hapo kazi imekuwa moja: kuifanya idumu, ipungue bei, na ifanye kazi kwa joto la chini zaidi.

Tatizo moja lililowashughulisha sana ni masizi. Fueli yenye kaboni ikigusa nikeli ya moto bila mvuke wa kutosha, huacha kaboni juu yake, na kaboni hiyo huziba na hatimaye kuvunja anodi. Mwaka 2000 Seungdoo Park, John Vohs na Raymond Gorte wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya seli ambayo anodi yake ilikuwa na shaba na oksidi ya seri badala ya nikeli. Seli hiyo ilitumia fueli za haidrokaboni moja kwa moja. Ilikuwa hatua kubwa ya kisayansi. Lakini shaba huyeyuka kwa joto dogo kuliko nikeli, jambo linaloleta ugumu mpya katika utengenezaji, na robo karne baadaye nikeli ndiyo ingali imetawala katika mitambo inayouzwa. Hilo si aibu kwa watafiti. Utafiti hutatua swali moja na kulifunua linalofuata.

Kuhusu kudumu, mfano mashuhuri umetoka katika kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani. Rundo dogo la seli lililowashwa mwaka 2007 lilizimwa mwaka 2019, baada ya kufanya kazi kwa zaidi ya saa 90,000. Msomaji azingatie masharti yake: lilikuwa rundo dogo la maabara, ndani ya tanuri la umeme, likilishwa haidrojeni, chini ya uangalizi wa wataalamu. Jaribio lilithibitisha kwamba kauri hiyo inaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Halikuthibitisha kwamba mtambo uliowekwa uani, unaolishwa gesi ya mtungi, utaishi muda huo.

Je, kuna mahali kifaa hiki kimefika nyumbani kwa watu? Kipo Japani. Mradi unaojulikana kama Ene-Farm ulianza kuuza mitambo ya seli za fueli kwa kaya mwaka 2009, kwanza ya aina nyingine, na mwaka 2011 ikaongezwa ile ya oksidi yabisi. Mtambo wa nyumba moja hutoa karibu wati 700, na joto lake hupasha maji ya kuoga. Kwa aina zote, mitambo zaidi ya 400,000 imekwisha kufungwa. Kufanikiwa huko kulikuwa na nguzo zake. Nyumba za mijini zina bomba la gesi. Makampuni ya gesi ndiyo yaliyouza, kufunga na kuhudumia. Maji ya moto yanahitajika kila siku, hasa majira ya baridi, kwa hiyo joto halikupotea. Na serikali ilitoa ruzuku, kwa kuwa mwanzoni mtambo mmoja ulizidi yeni milioni 3. Anayetuletea mtambo bila nguzo hizo hana budi kutueleza ameweka nini mahali pake.

Namna ya kusoma tarakimu za tangazo

Muuzaji anaponukuu utafiti, huwa na tarakimu. Tarakimu inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikampotosha mtu. Tunapendekeza tarakimu nne zitazamwe.

Kwanza, ukubwa wa seli iliyopimwa. Majaribio mengi ya vyuo vikuu hufanywa kwa seli ndogo kama kifungo cha koti. Makala ikisema "wati 1 kwa kila sentimita mraba", na eneo la seli ni nusu ya sentimita mraba, umeme uliopatikana ni nusu ya wati. Ni matokeo mazuri ya kisayansi, lakini ni umeme usiotosha hata taa ndogo ya sebuleni.

Pili, ufanisi wa kitu gani. Ufanisi wa seli peke yake huwa mkubwa kuliko wa mtambo mzima, kwa sababu feni, pampu na inveta nazo hula umeme. Aidha, ukisikia asilimia 80 au 90, uliza kama joto la maji limejumlishwa. Mara nyingi limejumlishwa. Kwa nyumba isiyohitaji maji ya moto kutwa kucha, sehemu hiyo ya asilimia haina faida. Mitambo midogo ya nyumbani ya oksidi yabisi hutoa umeme kwa ufanisi wa karibu asilimia 45 hadi 50 ikiwa mipya. Hata hivyo ni zaidi kwa mbali ya jenereta ndogo ya petroli, na hii ndiyo fahari halali ya kifaa hiki.

Tatu, kasi ya kuchakaa. Watafiti huieleza kwa asilimia ya umeme unaopungua kila saa 1,000. Mwaka mmoja una saa 8,760. Mtambo wa wati 700 unaopungua asilimia 1 kwa kila saa 1,000, ukifanya kazi bila kuzimwa kwa miaka mitano, utakuwa umepoteza karibu asilimia 44 na kubakiwa na wati 390 hivi. Ukipungua asilimia 0.2 tu, utabakiwa na wati 640. Tarakimu ndogo baada ya nukta ndiyo inayotenganisha mtambo wa kununua na mtambo wa kutupa.

Nne, kikomo cha fueli. Hakuna kifaa kinachoweza kutoa umeme unaozidi nishati iliyomo katika fueli. Kilo 1 ya gesi ya mitungi ina takriban uniti 13 za nishati. Mtungi wa kilo 15, basi, una uniti 190 hivi. Kwa ufanisi wa asilimia 45 utatoa umeme wa uniti 85 hivi. Muuzaji akiahidi uniti 300 kwa mtungi huo, hakuna haja ya kumwita mtaalamu: hesabu imekwisha kumjibu.

Neno "safi" nalo lichunguzwe. Seli inayolishwa gesi asilia bado hutoa kaboni dioksidi, karibu kilo 0.4 kwa kila uniti kwa ufanisi wa asilimia 50. Ni pungufu kuliko jenereta ndogo, wala haina masizi ya dizeli. Lakini si sifuri.

Mfano: kamati ya zahanati

Tuchukue mfano wa kubuni. Kamati ya zahanati ya kijiji ina jokofu la chanjo, nazo chanjo nyingi lazima zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme hukatika mara mbili au tatu kwa juma. Michango imekusanywa, na mfanyabiashara anaipendekezea kamati mtambo wa oksidi yabisi wa wati 700, unaotumia gesi ya mitungi, uwe wa akiba umeme unapokatika. Anaonyesha makala ya chuo kikuu, na anataka nusu ya fedha mapema.

Kamati inapaswa kwanza kuuliza: mtambo ukiwa umezimwa na umepoa, huchukua muda gani kuanza kutoa umeme? Jibu la kweli ni saa, si dakika. Kauri haipendi kupashwa joto kwa ghafla. Hupasuka kama glasi baridi inayomiminiwa maji ya moto. Kwa hiyo kifaa hiki hakifai kukaa kimezimwa kikingoja umeme ukatike. Kila kuzimwa na kuwashwa, kwanza, humpunguzia umri.

Mfanyabiashara anaweza kujibu kwamba mtambo hautazimwa kabisa. Basi kamati ipige hesabu. Wati 700 kwa saa 24 ni uniti 16.8 za umeme. Kwa ufanisi wa asilimia 45 zitahitajika uniti 37 za gesi kwa siku, yaani karibu kilo 2.9. Mtungi wa kilo 15 hautavuka siku ya sita. Zahanati itahitaji mitungi 6 kwa mwezi, na mtu wa kuifuata mjini, ili kulinda jokofu linalokula sehemu ndogo tu ya umeme huo. Mtambo ukipunguzwa nguvu, gesi itapungua, lakini si kwa uwiano ule ule, kwa kuwa lazima moto wa ndani utunzwe.

Mwishowe kamati iulize: je, lipo jibu jingine lililokwisha kupimwa? Lipo. Majokofu ya chanjo yanayotumia jua moja kwa moja yanatumika katika nchi nyingi, na Shirika la Afya Duniani huchapisha orodha ya yale yaliyothibitishwa. Uamuzi wa busara kwa kamati hii ni kwenda kwa mganga mkuu wa wilaya kabla ya kwenda kwa mfanyabiashara. Teknolojia si mbaya. Imepelekwa mahali pasipo pake. Mtambo huo huo, katika hoteli yenye bomba la gesi asilia, inayotumia umeme na maji ya moto usiku na mchana, ungeweza kuwa na hoja.

Maswali manane kabla ya kulipa

1. Mtambo huu umekwisha kuuzwa na kufanya kazi wapi, kwa muda gani, na naweza kuuona ukiwa kazini?
2. Unatumia fueli ipi hasa, yenye usafi gani, na fueli hiyo inapatikana wapi karibu nami?
3. Ufanisi wa umeme wa mtambo mzima ni asilimia ngapi, bila kujumlisha joto?
4. Huchukua muda gani kuwaka ukiwa baridi, na unaweza kuzimwa mara ngapi kwa mwaka bila kupoteza dhamana?
5. Utatoa wati ngapi baada ya miaka mitano, na je, ahadi hiyo imeandikwa katika dhamana?
6. Kichujio cha salfa hubadilishwa baada ya muda gani, kwa bei gani, na nani anacho nchini?
7. Rundo la seli likifa, nani atalibadilisha, na litagharimu sehemu gani ya bei ya mtambo?
8. Utafungwa wapi? Moshi wake huenda wapi, na kuna kitambua gesi?

Swali la nane ni la uhai. Tumesema kaboni monoksidi ni chakula cha seli. Kwa binadamu ni sumu, ile ile iuayo watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Mtambo ulio mzima huiunguza kabla ya kutoa hewa nje. Ulioharibika unaweza kuiacha ipite. Kwa hiyo mtambo wa namna hii hufungwa nje, penye hewa, na fundi aliyeidhinishwa, na kamwe haufungwi chumbani wala dukani.

Haki na wajibu wa mtumiaji

Mtumiaji ana haki ya kupewa taarifa za kweli kuhusu bidhaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mienendo ya kibiashara inayompotosha mlaji. Aliyepotoshwa anaweza kupeleka lalamiko Tume ya Ushindani. Kwa ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania ndilo la kuulizwa kama bidhaa imepimwa na kukidhi viwango.

Haki hizo husimama juu ya karatasi. Kwa hiyo mtumiaji ana wajibu wa kudai risiti halali, kutunza tangazo alilopewa, na kuhakikisha ahadi za mdomo zimeandikwa katika mkataba. Makala ya kitaaluma si dhamana. Mtafiti aliyeiandika hakumwahidi mnunuzi kitu chochote, na mara nyingi hajui kwamba jina lake linatumika kuuzia. Anayewajibika ni yule anayepokea fedha.

Malipo ya awali ya bidhaa ambayo haijaonekana ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Kukataa kununua mbuzi kwenye gunia si dharau kwa muuzaji. Muuzaji mwenye mtambo wa kweli atafurahi kuufungua gunia.

Muhtasari

Seli ya fueli ya oksidi yabisi hugeuza fueli kuwa umeme bila mwako, kwa ufanisi unaozidi jenereta ndogo. Hukubali fueli nyingi, lakini si chafu, na salfa ndiyo adui yake. Hupenda kufanya kazi mfululizo na huchukia kuwashwa na kuzimwa. Haidrojeni hubeba nishati, haiizalishi. Matokeo ya maabara huonyesha linalowezekana. Dhamana iliyoandikwa ndiyo inayoonyesha kile mtumiaji anachokinunua.

Maswali ya kujipima

1. Muuzaji anadai kuwa mtungi wa gesi wa kilo 6 utatoa umeme wa uniti 100. Je, inawezekana?
2. Kwa nini harufu ya gesi ya kupikia ni tatizo kwa seli, na kwa nini isiondolewe mtungini?
3. Jirani anataka mtambo wa kuwasha taa umeme unapokatika kwa saa moja jioni. Utamshauri nini kuhusu seli ya oksidi yabisi?

Majibu

1. Haiwezekani. Kilo 6 mara uniti 13 ni uniti 78, na hizo ni nishati yote ya mtungi kabla ya upotevu wowote. Kwa asilimia 45 utapata uniti 35 hivi.
2. Harufu hiyo hutokana na kemikali yenye salfa, ambayo huidhoofisha anodi. Haiondolewi mtungini kwa sababu ndiyo inayomwarifu binadamu kuwa gesi inavuja. Huchujwa ndani ya mtambo.
3. Haifai. Itachukua saa kadhaa kupata joto, na umeme utakuwa umekwisha kurudi. Betri yenye inveta, ikichajiwa na gridi au paneli ya jua, itawaka papo hapo.